Pua ya Fundi wa Giaboksi

Fundi alikuwa na pua, na pua hiyo ndiyo iliyomlisha. Wenye magari ya dizeli ya zamani, yale mazito yenye gia za kujibadili zenyewe, walimwita Pua, wala hakuudhika. Mafundi wengine siku hizi wana vikompyuta vya kuchomeka chini ya usukani, lakini magari ya umri ule hayana hata pa kuvichomeka. Yeye alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakipangusa kwa kitambaa cheupe, akakinusa kitambaa mara moja, akatoa hukumu. Ikinuka kuungua, sahani za klachi zimekwisha, giaboksi ishushwe ifunguliwe. Isiponuka, ugonjwa uko nje, utafutwe huko huko nje. Rangi aliidharau. Oili ya miaka mingi, alipenda kusema, huwa nyeusi hata kama haina kosa.

Mteja hakuulizwa kitu. Huo ndio uliokuwa mtindo wake, na tuseme ukweli, hayo ndiyo yaliyokuwa maringo yake. Mtu akianza, "Fundi, juzi nilipokuwa napanda kilima..." Pua alimnyamazisha kwa kiganja. Aliona maelezo ya wenye magari ni porojo tupu.

Kisha, miezi mitano iliyopita, akashikwa na mafua makali. Mafua yalipoondoka yaliondoka na harufu zote. Mkewe aligundua upesi, siku maziwa yalipoungua jikoni huku Pua amekaa hatua tatu kutoka jikoni anasoma gazeti bila habari. Gerejini hakumwambia mtu, hata mdogo wake, fundi umeme aliyekuwa akifanya kazi naye uwanja mmoja. Aliendelea kupangusa kijiti na kuinamia kitambaa. Ananusa hewa, anaangalia ile rangi aliyoidharau, anabahatisha.

Mara mbili alipatia. Mara ya tatu ilikuwa gari la mwalimu mmoja mpole asiyejua kubisha. Pua alisema imeungua, wakaishusha giaboksi, na alipoifungua akakuta sahani safi, hazina hata alama. Mwalimu aliambiwa zimechoka, avumilie, vipuri vinatafutwa. Giaboksi ikafunikwa gunia juu ya meza ya kazi, na wiki mbili sasa Pua alikuwa akiizunguka meza hiyo kwa upande wa pili, utadhani kuna mbwa amefungwa pale.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja mrefu, mkunga mstaafu, na gari lake la dizeli lenye umri wa kuoa. Liliingia likirukaruka.

"Linanipiga mateke, fundi," alisema akiteremka. "Kila likibadili gia, teke. Na pia nikitaka ku..."

Kiganja kikainuka. "Usizime injini, mama. Nataka oili ikiwa moto."

Akafunua boneti, akachomoa kijiti, akapangusa, akainama. Hakuna kitu. Kitambaa kilikuwa na doa la kahawia iliyokoza. Mdogo wake alikuwa amesimama karibu na waya mkononi, akisubiri neno la kaka yake.

"Imeungua," alisema Pua. "Hii ni ya kushusha na kufungua."

Mama hakulalamika, na afadhali angelalamika. Alilitazama gari lake kuanzia taa hadi taa.

"Basi nitaliacha," alisema. "Kulifungua siwezi. Waje wa vyuma chakavu walichukue. Ngoja nitoe vitu vyangu."

Akainama kwenye kisanduku cha mbele, akatoa miwani, mwavuli uliovunjika mbavu, halafu kipembe kidogo cha mbao, kipana upande mmoja. Pua, kwa kuwa alitaka kusikia chochote kisichokuwa dhamiri yake, aliuliza ni kitu gani.

"Hiki? Upande huu unaweka kwenye tumbo la mama mjamzito, huku unaweka sikio. Unasikiliza moyo wa mtoto. Miaka thelathini na moja, fundi." Akakigeuza mkononi. "Niliacha kazi kwa sababu yake. Sikio lilikufa kwa sauti ndogondogo. Naweka kipembe, kimya. Nikawa nawaambia wamama, moyo unapiga vizuri. Nilisema hivyo kwa siku tatu."

"Siku ya nne?"

"Siku ya nne alikuja binti, mimba yake ya kwanza. Akaniuliza, kweli bibi? Nikashindwa kumjibu. Nikamwita mkunga mwenzangu, nikampa kipembe, nikamwambia sikiliza wewe, mimi sisikii tena." Alicheka kidogo. "Aibu niliyoiona siku ile! Lakini nililala usingizi."

Mama aliingiza mkono dirishani akageuza ufunguo kuzima gari. Injini haikuzima. Iliendelea kunguruma, ikakohoa, ikakohoa tena, ndipo ikakata roho.

"Ndiyo nilitaka kukwambia," mama alisema. "Tangu mwezi uliopita haitaki kufa. Na vitasa vya nyuma havijifungi."

Hapo Pua alijiona mjinga wa mwisho. Kwenye magari hayo kuna pampu ndogo inayovuta hewa kupitia mipira myembamba. Uvutaji huo ndio unaozima injini, ndio unaofunga vitasa, na ndio unaoiambia giaboksi mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani. Mpira mmoja ukivuja, giaboksi hudhani dereva amekanyaga hadi chini, basi inabadili gia kwa hasira. Dalili zote tatu zilikuwa mdomoni mwa huyu mama tangu alipoingia, na yeye akazizuia kwa kiganja.

Angeweza kujitia hamnazo. Angesema, hebu tuangalie kidogo na huku, akaziba uvujaji, mama akaondoka akimsifu. Hakuna ambaye angejua. Njia hiyo aliiona wazi kabisa, tena aliitamani.

Badala yake alimnyooshea mama kile kitambaa.

"Nusa, mama. Kinanuka kuungua?"

Mama akanusa, akakunja uso, akanusa tena. "Kinanuka mafuta tu."

"Nimekudanganya," alisema Pua. "Sisikii harufu. Ni mwezi wa tano huu. Nilikuwa nabahatisha."

Mama alirudisha miwani kwenye kisanduku, kisha mwavuli, kisha kipembe.

Kazi yenyewe haikuchukua hata saa nzima. Pua alichomoa mipira mmoja mmoja, akiziba ncha kwa ulimi na kuvuta. Ule mzima unang'ang'ania ulimi. Ule unaoelekea kwenye giaboksi haukushika kitu, na alipoufuata kwa vidole alikuta ufa chini ya sanduku la betri, mahali joto lilipoukausha. Akakata kipande kipya chenye urefu wa vidole vinne, akakiunga. Mama aliwasha gari, akalizima, injini ikanyamaza papo hapo; akafunga mlango wake kwa ufunguo, na vitasa vyote vikalia kwa pamoja. Akaliwasha tena, akaondoka polepole, gia zikipandana bila hata kutikisa mwavuli.

Pua aligeuka. Mdogo wake alikuwa bado amesimama palepale, waya mkononi, lakini hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama meza.

"Kaka," alisema, "na ile ya mwalimu?"

Pua alitafuta jibu. Yalikuwapo mengi, na mengine mazuri. Alijifuta mikono kwa kile kitambaa cheupe, akaenda mezani kwa upande ule aliokuwa akiukwepa, akaondoa gunia. Sahani zilikuwa bado safi. Akatoa simu, akaisikiliza ikiita, akiomba isipokelewe, ikapokelewa.

"Mwalimu, shikamoo. Ni mimi fundi." Mdogo wake alisogea karibu. "Hapana, vipuri havijapatikana. Havikuwa vinahitajika. Nisikilize kwanza, mwalimu, halafu utasema unachotaka kusema."