Timu ya Voliboli Iliyocheza Kimya

Nilifanywa mwalimu wa michezo kwa sababu sikuwapo. Mkutano wa walimu ulifanyika siku niliyompeleka mwanangu kliniki, na niliporudi kesho yake nikakuta kazi zimekwisha gawanywa. Mmoja kapewa drama, mwingine maktaba, na mimi, mwalimu wa Kiswahili mwenye miaka arobaini na saba na magoti mabovu, nimepewa voliboli ya wasichana. Asiyekuwapo na lake halipo. Nilikasirika, nikanywa chai yangu bila kusema na mtu, kisha nikaenda kuutafuta mpira.

Shule yetu iko Mashimoni, ndani ya Kibera, ni ndogo, na haina uwanja. Ina ua tu. Upande mmoja wa ua ni madarasa, upande wa pili ni safu ya nyumba za mabati za kupangisha, na katikati hubaki nafasi ya kufunga wavu iwapo hakuna aliyeanika nguo. Siku ya kwanza niliwatoa wasichana saa tisa unusu. Hata robo saa haikuisha, mlango mmoja wa zile nyumba ukafunguka, akatoka mzee mwenye fulana na macho mekundu.

"Mwalimu," akasema, "mimi sina vita na mpira. Vita yangu ni hii makelele. Kwa hii laini tunalala watu saba, na wote ni masoja. Tunatoka kazi asubuhi, tunaamka saa kumi na moja jioni. Sasa hawa watoto wakipiga nduru, mimi nitalala wapi? Kwa geti ya mhindi?"

Mtu aliyelinda nyumba za wengine usiku kucha ana haki ya usingizi wake. Tukakubaliana pale pale mlangoni: tucheze, lakini mpira usiguse mabati, na mtu asipaze sauti.

Anayeijua voliboli atacheka. Huo ni mchezo wa kelele. Mpira ukija, anayeutaka husema "yangu!" ili wenzake wampishe, la sivyo watu hugongana vichwa. Na kweli, mwezi wa kwanza wangu waligongana kama mbuzi mlangoni. Mwezi wa pili wakaanza kutazamana. Kufikia muhula wa pili walikuwa na utaratibu wao ambao sikuwafundisha mimi: anayeutaka mpira alipiga hatua moja mapema, na wengine wakarudi nusu hatua bila kuambiwa. Nilikaa kwenye ngazi ya darasa na vitabu vya kusahihisha mapajani, na kilichosikika ni viatu na mpira tu. Wale masoja walilala. Kusema kweli, mimi pia nilisinzia mara moja au mbili.

Aliyeushika mchezo huo kuliko wote alikuwa msichana wa kidato cha pili, mkaaji wa kijiji cha Raila humo humo Kibera, mwembamba, mwenye vidole virefu. Ndiye aliyekuwa seta, yaani yule anayeuinua mpira ili mwenzake aupige. Alasiri moja tulikuwa tunakunja wavu, yeye na mimi, akaniuliza bila kunitazama.

"Madam, ni ukweli kuna shule za boarding zinachukuanga wachezaji?"

"Zipo."

"Na huko kila mtu ako na kitanda yake?"

"Kila mtu na chake."

Akaukunja wavu mpaka mwisho. "Mimi sijawahi lala kitanda peke yangu," akasema. "Tuko sita kwa nyumba. Kusoma nasomea kwa mlango, na mtu akitaka kupita lazima nisimame."

Tangu siku hiyo nilijua msimu ule ulikuwa wa nini. Haukuwa wa kikombe. Kila mwaka kocha wa shule moja kubwa ya bweni, nje ya Nairobi, huja kutazama fainali za eneo letu na kuondoka na msichana mmoja, na habari zilikuwa kwamba safari hii anatafuta seta. Sikumwahidi mtoto chochote. Lakini nililala nikiliwaza hilo, nikaamka nikiliwaza, na uchovu wangu wa kila siku ukapata kazi ya kufanya.

Tulishinda. Tulishinda mechi ya kwanza, ya pili, na nusu fainali, na kila mara wapinzani walichanganyikiwa kwa sababu hawakujua nani kwetu angeuchukua mpira. Wanafunzi wa shule nyingine walituita mabubu. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni mwalimu mmoja mwenye suti ya michezo na kipenga shingoni, ambaye aliniuliza mbele ya walimu wenzetu, wakati wa chakula, "Madam, hawa wasichana wako ni nini? Wanacheza ni kama wako matanga." Wote wakacheka. Nami nikacheka. Kicheko hicho kilinikaa kooni juma zima kama mwiba wa omena, na nikaanza kuwaona wasichana wangu kwa macho ya yule bwana: sare zisizofanana, viatu vya kuazimana, na ule ukimya.

Siku ya fainali ilikuwa ya baridi ile ya Julai inayoingia kwenye mifupa. Mechi ilikuwa Kawangware, upande wa Gatina, katika shule yenye uwanja wa kweli na mistari iliyopakwa chokaa. Tulikwenda kwa miguu kutoka Mashimoni, mpira ndani ya mfuko wa unga. Tulipofika, wenyeji walikuwa wanajipasha moto kwa nyimbo na makofi, sare zao mpya, na wazazi wao, wengi wenye ploti na maduka ya hapo, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Kocha wa shule ya bweni alikaa nao, daftari mapajani. Wangu walivua sweta kimyakimya, wakazikunja, wakaziweka chini. Niliona aibu. Siwezi kulipamba neno hilo.

Nikawakusanya. "Leo tunaongea," nikawaambia. "Hapa hakuna mtu amelala. Mpira ni wako, sema ni wako. Nataka niwasikie mpaka stage ya matatu."

Wakatazamana. Seta akasema, "Madam, si tucheze tu vile tumezoea?"

"Fanya nilivyosema."

Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo nimeifundisha miaka ishirini, nimeisahihisha katika insha nisizoweza kuzihesabu, na siku niliyoihitaji haikunijia.

Mpira wa kwanza, watatu walisema "yangu!" kwa pamoja, wakasimama kwa pamoja, mpira ukaanguka katikati yao. Watu wakacheka. Wa pili, hakuna aliyesema, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme. Walikuwa wameacha kutazamana. Sasa walisikilizana, na kusikilizana hawakukujua. Seti ya kwanza tulipoteza. Ningeweza kuwaita wakati huo nikawaambia warudie mchezo wao. Nafasi niliipata, refa mwenyewe alinitazama kama kuniuliza. Badala yake nikasimama pembeni nikapaza sauti, "Ongeeni! Ongeeni!" Kiburi kikishapanda ngazi hakishuki kwa haraka.

Katikati ya seti ya pili mpira ulikwenda juu karibu na wavu, upande wetu. Seta akasema ni wake. Mpigaji wetu, msichana mkubwa wa kidato cha nne, naye akasema ni wake, na safari hii wote wawili waliamini. Waligongana. Mpigaji aliinuka. Seta alibaki amepiga magoti, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na kidole gumba kilikuwa kinatazama kusikofaa. Hakulia. Alinitazama tu.

Mechi iliisha bila yeye. Alikaa kando yangu mkono ndani ya ndoo ya maji baridi. Baada ya kipenga cha mwisho yule kocha wa bweni akaja mpaka tulipokuwa. Alikuwa mama mpole, wa makamo yangu. Akamtazama mtoto mkono, akampa pole, kisha akanigeukia.

"Niliambiwa kuna timu ya Kibera inacheza bila kusema neno," akasema. "Mwenzangu aliwaona kwa nusu fainali, akaniambia ana miaka mingi kwa hii kazi na hajawahi ona seta kama huyo. Nimetoka mbali kuona hiyo timu. Kwani si nyinyi?"

"Ni sisi," nikasema.

Akangoja niongeze kitu. Akaandika jina la seta wa wenyeji, akatuaga vizuri, akaenda.

Tulirudi kwa miguu, kwa kupitia zahanati moja ambako kidole kilifungwa kwa kijiti na bendeji. Wengine walitangulia na mpira. Yeye alibaki nyuma pamoja nami kwa sababu ya mkono, na mimi kwa sababu ya magoti. Tulikuwa tumekwisha kuziacha ghorofa za Kawangware nyuma yetu aliponiuliza, kwa adabu, kama anayeuliza maana ya msamiati darasani.

"Madam, kwani ulikuwa unatuonea aibu?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia nilitaka yule mama awasikie, kwamba nilifikiri hivyo ndivyo makocha wakubwa wanavyopenda, kwamba yote niliyafanya kwa ajili yake, na hata hilo halikuwa uongo mtupu. Lakini nilikuwa nimechoka, nimechoka hata kudanganya.

"Ndiyo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kulijua jibu. "Sawa, Madam," akasema, akaongeza mwendo, akawafuata wenzake.