Mwaridi, Kibano na Fundi Saa

Fundi saa alifunga kibanda chake mwaka aliofiwa na mkewe. Akarudi nyumbani na lenzi ya jichoni, kibano na kopo la grisi. Mkewe naye alikuwa amemwachia mwaridi mmoja, kwenye pipa nyuma ya jiko. Binti yao, aliyeolewa mbali, aliomba tawi lake akalioteshe kwake. "Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baba. Usiuache ufe."

Na ulikuwa unakufa. Machipukizi yalijikunja, majani yakanata kama yamemwagiwa sharubati. Fundi akavaa lenzi. Akaona vidukari, wadudu laini wa kijani, wadogo kama kichwa cha pini, wamebanana wakifyonza utomvu. Kati yao walitambaa wengine weusi, wenye miiba na madoa ya rangi ya chungwa, mfano wa mamba wadogo. Miaka arobaini ya ufundi ilimfundisha kwamba saa ikisimama, unatafuta kitu kisichofanana na vingine. Akawatoa mamba kwa kibano, mmoja mmoja, akawatia kwenye kikopo cha vipuri. Sisimizi waliokuwa wakipanda na kushuka aliwaacha. Aliona wanafanya usafi.

Kazi hiyo ilimpa sababu ya kunyoa ndevu kila asubuhi. Zilikuwapo siku zilizopita bila yeye kusema na mtu.

Siku ya tisa vidukari walikuwa maradufu. Akachukua kikopo hadi kwa mama wa miche, aliyeuza mimea kwenye kona ya mtaa.

"Shikamoo, mzee. Umeniletea saa?"

"Marahaba. Nimekamata wezi."

Mama akachungulia, akacheka, kisha akaacha. "Mzee wangu, hawa ni watoto wa kibibi, yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa. Wanakula vidukari. Umefunga askari, wezi umewaacha kazini."

"Na sisimizi?"

"Hao ndio walinzi wa wezi. Wanaramba ule utamu unaowatoka vidukari. Paka grisi shinani wasipande. Hawa walio hai warudishe, halafu tulia."

"Nitulie vipi?"

"Usiguse kitu. Mikono mfukoni."

Waliokuwa hai ni saba. Aliwarudisha kwa kibano kilekile, akalizungushia shina grisi ya saa. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda na lenzi jichoni, akitazama mamba akimkamata kidukari na kumfyonza mpaka likabaki ganda. Ndevu zikaota.

Jumamosi alinyoa. Chipukizi jipya lilikuwa limenyooka. Akakata tawi, akalifunga kitambaa chenye maji, akaliweka mezani. Saa nne simu ikaita.

"Baba, mtoto ana homa. Labda mwezi ujao."

"Hamna neno, mwanangu. Muuguze kwanza."

"Mwaridi je?"

"Umepona. Hautaki hata kuguswa."

Simu ilipokatika, alilifungua tawi, akalichomeka kwenye kopo la udongo. Likishika mizizi, litamngoja mwenyewe. Akavaa lenzi kulikagua. Kwenye ncha alikuwapo kidukari mmoja.

Akanyanyua kibano, akakirudisha mfukoni. Akalipeleka kopo nyuma ya jiko, akalisogeza hadi majani ya tawi yakagusana na ya mwaridi, ili mamba wapate njia ya kuvukia, kisha akavuta kigoda.