Meno ya Gurudumu la Mbele

Miguu yangu yote miwili ilikatwa chini ya magoti nikiwa kijana wa miaka ishirini, miaka ile ya hamsini, nikifanya kazi ya toroli za mkonge katika shamba moja upande wa Muheza. Watu husema ilikuwa ajali. Miye sisemi hivyo. Nyapara wa zamu ya asubuhi aliambiwa siku mbili kabla kwamba toroli ile haina breki, akajibu mkonge kwanza, breki baadaye. Karani naye akaandika kitabuni kwamba nilisinzia. Sikusinzia. Wote wawili nilikutana nao mjini baadaye, wakanipa salamu kana kwamba tulicheza mpira pamoja.

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo naandika kama nisemavyo. Na ninayetaka kumwandika si wale, ni dada yangu, aliyenipokea kwake Ngamiani, mjini, wakati kambini shambani hawakunitaka tena.

Hospitali ya misheni ilinipa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Cheni yake ilivuta gurudumu la mbele. Penye ardhi ngumu nilikwenda vizuri. Mlangoni petu palikuwa mchanga mtupu, kuanzia barabara ya kumi na sita mpaka unapoikaribia njia ya sokoni. Hapo gurudumu lilizunguka bila kusogea, nami nikakaa kama kuku aliyeatamia. Dada alitoka, akafunga kanga kiunoni, akanisukuma.

Alikuwa mjamzito, miezi mitano. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Mumewe alikuwa baharia, hayupo. Bibi mkunga alikuja, akampapasa tumbo, kisha akanigeukia miye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu asisukume tena. Akisukuma, ya tatu nayo itakwenda."

"Huyu bibi hupenda kutisha watu," dada akasema alipoondoka. Asubuhi yake akanisukuma tena.

Nikamwendea fundi baiskeli wa jirani, nikamweleza. Akanitafutia gurudumu la pikipiki ndogo, tairi lake lina meno marefu yaliyosimama wima.

"Haya yatakuwa makasia yako," akaniambia. "Yatauchota mchanga na kuutupa nyuma."

Akalifunga. Halikuzunguka hata mara moja, maana meno ya pembeni yalikwama kwenye foki, ile panda ya chuma inayoshika gurudumu.

"Yapunguzeni nyumbani," akasema. "Miye nina baiskeli za watu hapa. Ila msiyamalize. Mkiyamaliza mtakuwa mmerudi kwenye lile la zamani."

Tukalilaza gurudumu uani juu ya gunia. Miye nilitaka kuanza kukata papo hapo. Dada akaninyang'anya kisu. Yeye alikuwa msusi wa mikeka, na tangu utoto wetu Kigombe sikumwona akisuka ukili uliopinda. Akachukua mwaa mmoja mkavu, lile jani la kusukia, akaupitisha katikati ya foki, akaukata kwa ukucha pale ulipogusa chuma. Kisha akaupunguza tena kidogo, huku na huku, ili pabaki nafasi. Akaulaza ule mwaa juu ya jino la kwanza. Kilichozidi pembeni akakitia alama kwa chokaa ya tambuu.

"Kata hapo kwenye cheupe. Usiguse kimo. Kimo ndicho kitakachochota."

"Nani kakufundisha mambo ya tairi?"

"Nani kakufundisha weye kuuliza?"

Mpira ulikuwa mgumu, kisu kinanasa. Nikamwomba kitu cha kulainisha. Akaleta kile tunacholeta sisi kwa kila kitu, iwe kichwa kikavu, bawaba inayolia au mtoto mwenye kifua: kibuyu cha mafuta ya nazi. Kisu kikapita laini kabisa. Jirani mmoja akachungulia juu ya ua.

"Leo mwamenya nini, muhogo mweusi?"

"Twamenya gurudumu," dada akamjibu. "Karibu, lakini ulete meno yako mwenyewe."

Tulikata siku mbili. Yeye alipima na kutia alama, miye nilikata, na vipande vikajaa pakacha. Sijapata kukaa karibu naye vile tangu tulipokuwa watoto. Alinihadithia mama yetu alivyokuwa akicheka, maana miye sikumbuki.

Siku ya tatu nikatoka. Meno yaliuma mchanga, na gurudumu likaenda, nami nikasikia raha mpaka kooni. Nilipofika katikati, mikono ikawa miepesi ghafla. Nikatazama chini. Ringi ilikuwa inazunguka, tairi limesimama. Mafuta yalikuwa yameingia ukingoni mwa tairi, tairi likateleza kwenye ringi, na vali ya tyubu ikang'oka. Upepo ukaisha wote.

Dada alikuwa mlangoni akitazama. Nilimpigia kelele asije. Akaja. Akanisukuma mpaka nyumbani na gurudumu lisilo na upepo, na alipofika akajishikiza ukutani, akakaa.

Bibi mkunga akaja mchana ule ule. Akamlaza, akanitazama, akaniashiria nitoke. Heri angenigombeza. Kosa lile sikuweza kumbandika nyapara wala karani. Lilikuwa letu, na zaidi lilikuwa langu, maana ni miye niliyeomba cha kulainisha.

Dada akakatazwa kuinuka. Miye nikakaa uani na jivu, maji na mchanga, nikasugua ringi na ukingo wa tairi mpaka kidole kikipita kinalia. Nikaacha vikauke juani. Nikasugua tena. Fundi akaleta tyubu nyingine, akalifunga gurudumu, akalisukuma kwa kiganja. Lilizunguka bila kugusa foki.

"Nani kapima hapa?" akauliza.

"Dada yangu."

"Mwambie akichoka na mikeka aje kwangu."

Sikumuaga dada. Nilipita mchangani peke yangu mpaka sokoni, nikasimama mara nne kupumzisha mikono, nikarudi. Nilipoingia alikuwa amelala ubavu, macho wazi.

"Nani kakusukuma?"

"Hakuna."

"Lete mikono."

Nikamwonyesha viganja. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, mawili upande wa kulia. Akavitazama sana, kama mtu anayetafuta uongo. Kisha akavirudisha mapajani mwangu.

"Na tumbo?" nikamuuliza.

"Kacheza asubuhi. Kanipiga teke."

Halafu akajigeuza, akaniambia kwa ile sauti yake ya kuamrisha:

"Nina hamu ya kitu kichachu, mbirimbi. Rudi sokoni ukaniletee, na usichague zilizoiva."

Tangu miguu ikatwe ilikuwa karibu mwaka mzima, na hakuna mtu aliyenituma kitu. Nikageuza baiskeli, nikaenda.