Koti la Watu Wawili

Mtu anayejaribu nguo kabla ya kupatana bei ameshashindwa. Akiingiza mkono wa pili kwenye koti, muuzaji anamwona anavyojiangalia kifuani, na bei hupanda hapohapo isishuke tena. Kwa elimu hiyo nilinunua koti la bluu katika soko la Lubumbashi bila kulivaa hata mara moja.

Muuzaji alikuwa mama wa Kipushi. Mitumba yake, ambayo yeye aliiita salaula, ilivuka mpaka kutoka Zambia na kumwagwa juu ya turubai, na sisi wateja tukaipekua tumeinama kama watu wanaopalilia. Nilipitia suruali za watoto, nikapitia sweta za nchi zenye theluji, nikairudisha sidiria moja kubwa kwa heshima zote, ndipo nikalishika lile koti kwa vidole viwili, kama ninayemwondoa panya jikoni.

"Mama, hii koti unauzisha ao unatupa?"

"Papa, iyi ni veste ya minisitri."

"Minisitri gani?"

"Ule alikufa."

"Njo maana beyi iko chini?"

"Beyi haiko chini. Hakuivaa sana, njo maana iko mupya."

Nilimwambia mimi ni mwanafunzi. Akasema anaona, na ile aliyonitajia ndiyo bei ya wanafunzi, bei ya watu ni nyingine. Niliondoka. Hakuniita. Nilirudi kutafuta sweta nisiyoitaka, nikaondoka tena, na safari hii aliniita kwa kupiga ulimi tu, bila kuinua macho. Tulimaliza kabla ya saa sita, maana miaka ile Zaire ilikuwa inabomoka na fedha yetu ilikuwa kama maziwa: ya asubuhi jioni ilikuwa imeshaganda. Nikahesabu vifungo mara mbili, nikadai matabishi, nyongeza ya bure ya mnunuzi. Akanirushia tai nyekundu usoni.

Tai hiyo inahitaji maelezo. Kwa miaka mingi serikali ilikataza tai na koti la Kizungu, na wakubwa wetu wakavaa koti lisilo na kola. Marufuku ilipoondolewa, maprofesa walizirudia tai kama watu waliotoka kifungoni. Mshahara haukuwapo, chaki waliileta kutoka nyumbani, maktaba ilivuja, lakini mwanafunzi asiye na koti na tai hakuruhusiwa kusimama mbele yao kutetea kazi yake ya mwisho. Ndicho kitu pekee chuoni kilichokuwa bado kinafuatwa.

Chumbani tulikuwa wawili, na wote tulikuwa mwaka wa mwisho. Mimi nilisoma sheria katika nchi ambayo sheria zilikuwa likizo. Mwenzangu alisoma miamba. Alikuwa mtu wa Pweto, mtoto wa mama aliyekausha samaki wa ziwa na kumsomesha kwa samaki haohao, waliotufikia kwa malori yaliyochukua siku nyingi kuliko samaki wenyewe walivyopenda. Yeye angetetea kwanza, mimi wiki iliyofuata. Koti moja lingetutosha sote, na kila mmoja alitoa nusu.

Haraka yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Chuo kilikuwa kinafungwa na kufunguliwa bila mtu kuulizwa, na mwaka wake wa mwisho ulikuwa umeshadumu kupita mwaka. Uvumi ulisema kitafungwa tena baada ya kikao hiki. Halafu dereva wa lori akamletea mzigo wa samaki pamoja na maneno ya mama yake: huu ni wa mwisho, mgongo umekataa. Kama asingetetea sasa, angerudi ziwani na maandishi yake chini ya kwapa, mtaalamu wa miamba asiye na karatasi, kusaidia kugeuza samaki juani.

Basi nikaingia chumbani na koti, nimejaa ushindi. Akaingiza mkono wa kulia. Akaingiza wa kushoto. Mgongoni ukasikika mlio mdogo, kama wa mtu anayekata tamaa kwa adabu.

"Inakubana?" nikauliza.

"Hapana. Inanikamata, kama polisi."

Alikuwa na mwili wa watu wanaovuta nyavu. Mimi niliponunua nilikuwa nimelikadiria kwa macho, na macho yangu, kwa mazoea, yalinipima mimi. Kulirudisha hakukuwezekana, mama wa Kipushi angecheka hadi afike nyumbani. Tukakaa kitandani tukafikiri kisomi, tukaamua: akonde.

Mji mzima ulikuwa unakonda bila kujaribu. Tulikula mara moja kwa siku, saa kumi alasiri, saa tuliyoichagua kwa akili: ukila mchana njaa inakuamsha usiku, ukila usiku unasinzia darasani, saa kumi inakata mateso katikati. Bukari, ndio ugali wetu, mboga ya lengalenga, na samaki mmoja wa Pweto ambaye siku ya kwanza aliliwa mkia, ya pili kiwiliwili, na ya tatu kichwa kilichemshwa ili mchuzi umkumbuke. Sasa mtu huyu, pekee Lubumbashi nzima, akawa anakonda kwa makusudi. Nilimpunguzia bukari. Kilichobaki nilikila mimi ili kisiharibike.

Mgeni wetu wa kudumu mezani alikuwa dada mmoja aliyesomea udaktari, wa familia ya mafundi Waislamu waliotoka Maniema tangu enzi za babu. Baba yake alikuwa mshonaji. Dada huyo alileta makala ya kuwashia moto na chumvi, sisi tukatoa samaki, na mbabula wa kupikia ulikuwa wa chuo, ingawa chuo hakikujua.

"Munamunyima chakula?" aliuliza siku moja. "Mutu mwenyewe analala njaa kama sisi."

"Ni juu ya veste, Daktari," nikajibu.

Alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayesubiri matokeo ya maabara, akaendelea kula.

Pamoja na chakula tuliongeza mbio. Kulipopambazuka tulitoka kukimbia, yeye mbele mimi nyuma, kuelekea ule mlima mweusi wa taka za shaba. Suruali zetu nzuri zilibaki chini ya godoro zikijipiga pasi, tukakimbia na kaptura. Hatukufikiria jambo moja. Mji huu ulikuwa umeshaona uporaji wa wanajeshi, na watu wake walikuwa wamejifunza kwamba vijana wawili wakikimbia asubuhi bila kusema kitu, nyuma yao kuna sababu.

Tulipopita penye mama anayekaanga mikate barabarani, tulimwona anainuka. Nikasikia beseni. Nilipogeuka alikuwa anakimbia na sisi, beseni kichwani, na nyuma yake muuza sigara amekumbatia kisanduku chake, na nyuma yake fundi baiskeli na gurudumu la mteja. Mtu wa Pweto, kusikia vishindo vya umati, akaongeza kasi. Umati kuona ameongeza kasi, ukaongeza. Nakiri sijawahi kukimbia vizuri kama siku ile. Tulisimama penye kona, pumzi zimetuishia, na yule mama akanishika mkono, akitafuta wanajeshi kwa macho.

"Bashoda beko wapi?"

"Hakuna bashoda, mama."

"Sasa munakimbia nini?"

"Tunafanya sport."

Aliteremsha beseni, akaangalia mikate kama yote imo.

"Sport," akasema. "Mafuta yangu iko ku moto, mi niko huku, juu ya sport. Munakula nini kule ku université, mpaka nguvu inabakia ya kutupa?"

Muuza sigara alitaka tumlipe moja iliyovunjika. Nilimwonyesha kwamba imevunjika vipande viwili, kwa hiyo sasa anazo mbili. Hakucheka, lakini aliziuza zote mbili hapohapo, kwa fundi baiskeli.

Mbio zikaisha. Tulitafuta zoezi lisiloogofya watu, na Mtu wa Pweto akalipata kwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkristo wa kufunga duka Jumapili hata dunia ingeungua, aliyehitaji watu wa kupakua unga kwenye malori. Alilipa kwa unga. Nililisifu wazo hilo sana: jasho bure, na unga haushuki thamani usiku. Kila asubuhi mwenzangu alibeba magunia, akarudi mweupe kama mzimu, mfuko mdogo mkononi. Tulikula vizuri. Nilimwona anapungua tumbo, nikafurahi, nikamrudishia bukari yake kidogo.

Siku chache kabla ya kutetea, Daktari akiwapo, tulilitoa koti ajaribu mara ya mwisho. Mkono wa kulia haukupita kiwiko.

Dada alizunguka nyuma yake. Alimgusa bega moja, akagusa la pili, akakaa chini kucheka, na alicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Tumbo ilikuwa na kosa gani?" alipoweza akauliza. "Siku ya kwanza, veste ilibana fasi gani?"

Tukakumbuka ule mlio wa mgongoni. Tukaangalia mabega ya Mtu wa Pweto, ambayo tulikuwa tumeyalisha magunia kila siku kwa bidii. Yeye mwenyewe alikaa kitandani, na mara ya kwanza nilimwona amekuwa mdogo.

"Basi sitaingia," alisema. "Nitaenda na lori ya Jumamosi."

"Utaingia," akasema Daktari. "Leteni mukasi. Nitapasua mugongo, kutoka ku kola mpaka chini, na nitatia kitambaa kati."

"Mpaka chini?" nikauliza. "Pasua nusu. Wiki ijayo ni zamu yangu."

"Kupasua haina nusu, kaka."

"Na baadaye utalipunguza tena linitoshe, bila malipo?"

"Ku Pweto kunakuya bado samaki?"

"Hakukuyi tena."

"Basi utanilipa."

Nilijadiliana naye huku mkasi ukiwa tayari kwenye kola, na hiyo si hali nzuri ya kujadiliana. Kitambaa cha bluu hakikupatikana. Kilichopatikana ni mwavuli mweusi uliokufa mbavu, na ndicho kilichoshonwa mgongoni kwa mashine ya baba yake. Mbele, lilikuwa koti la waziri. Nyuma, liling'aa kama mende. Tulimwagiza Mtu wa Pweto neno moja tu: usiwape mgongo.

Ukumbi ulijaa. Maprofesa watatu walikaa na tai zao, na mkubwa wao alimkagua mwenzangu kuanzia viatu kwenda juu, kwa Kifaransa cha macho. Alimpitisha. Mwanzo ulikwenda vizuri sana. Alisimama wima, akaeleza matabaka ya zinki kama anayeeleza ndugu zake. Kisha akaambiwa achore ubaoni.

Akaenda ubavu ubavu, kama kaa. Alichora mkono umepinda nyuma ya sikio, kifua kwa majaji, na mstari wa mwamba uliopaswa kulala ukapanda kama barabara ya kwenda Kilwa yetu ya Katanga. Alifuta, akachora tena, ukapanda tena. Watu wakaanza kuguna. Profesa mdogo akaandika kitu.

"Bwana," mkubwa akasema, "mchoro huo ni wa Katanga au wa nchi nyingine?"

"Wa Katanga, Profesa."

"Basi uchore kama mtu anayeikubali. Geukia ubao."

Mimi nilikuwa mstari wa pili. Nilimwona anatutafuta kwa macho, mimi na Daktari, na sisi wote tulikuwa tunaangalia viatu vyetu. Akageuka.

Dirisha lilikuwa upande ule, na mwavuli ukapokea jua lote. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mtu wa Pweto alisubiri kiishe, bado ametazama ubao.

"Profesa," akasema, "koti ni letu wawili, na limekatwa kwa mtu mwembamba. Mabega ni yangu. Kazi niliyoandika pia ni yangu."

Profesa mkubwa alifungua vifungo vyake, akavua koti lake, akalitundika kwenye kiti. Bitana yake ilikuwa imeshonwa kwa kitambaa cha pazia, maua na yote. Wale wengine wawili wakaangaliana, wakavua vyao.

"Humu kuna joto," alisema. "Vua, uchore."

Akachora. Alichora kwa mkono mzima, kutoka pembe hadi pembe, mabega yakifanya kazi yao, na chaki ilipomwishia alipewa nyingine kutoka mfukoni mwa Profesa mwenyewe. Walimuuliza mpaka wakachoka wao. Walipotoka kujadiliana na kurudi, mkubwa alisoma matokeo: amefaulu, tena kwa sifa. Daktari alinipiga mgongoni kwa nguvu isiyo ya kitabibu. Wanafunzi wa miamba walimbeba Mtu wa Pweto mabegani mpaka nje, wakamshusha mapema, kwa sababu ya uzito.

Mimi nilirudi ukumbini kuchukua koti, maana furaha ni ya wote lakini wiki ijayo ilikuwa yangu. Nilimkuta Profesa mkubwa peke yake. Alikuwa amelishika, anakivuta kile kitambaa cha mgongoni kwa dole gumba, taratibu, kama anayepima mshono.

"Nani ameshona?" akauliza kwa Kifaransa.

"Mwanafunzi wa udaktari, Profesa."

"Anachukua kiasi gani?"

Nikamtajia. Niliongeza kidogo juu, kwa mazoea tu.

Alikunja koti langu vizuri, akanipa, akatazama mlangoni kama kuna mtu, kisha akaniegemea.

"Punguza kidogo, mwana," akasema, kwa Kiswahili.