Zimwi la Bugaluu na Ufutio Wangu

Mimi ni mtu mzima mwenye kazi, ndoa na kadi ya bima ya afya, na ninakusanya vitabu vya katuni vya mazimwi. Nalisema mapema ili msomaji mwenye shughuli zake aondoke kwa amani. Ninakusanya vya zamani tu, vile vya karatasi ya rangi ya chai ya maziwa, vilivyokuwa vikiuzwa stendi pamoja na karanga na betri, ambamo zimwi la vichwa vitatu linakula watu wazima na kuwabakiza watoto watiifu.

Nyumbani kwetu Musoma vimejaa kabati ambalo mume wangu alilitengenezesha kwa ajili ya vyombo. Vyombo viko kwenye beseni. Mume wangu amelipokea jambo hili kwa ukomavu mkubwa: kila mgeni akija anamfungulia kabati, anamwonyesha, kama mtu anayeonyesha kidonda. Akina mama wa jumuiya wameliombea. Mmoja aliniuliza kwa upole kama vitabu hivyo ndivyo vinavyonizuia kupata mtoto wa tatu. Nikamwambia hapana, ni mshahara.

Kilichonitia kiburi ni kundi la wakusanyaji kwenye simu. Humo ndimo nilimofundishwa kwamba kile nilichokuwa nakiita mapenzi kinaitwa mali, na kwamba mali ina madaraja. Kuna Safi Kabisa, kuna Safi, kuna Wastani, kuna Chakavu, na chini kabisa kuna daraja linaloitwa Cha Kusoma, yaani kitabu kilichowahi kutendewa jambo la aibu kama kusomwa. Kutu kwenye pini inashusha daraja. Doa la mafuta ya maandazi linashusha daraja. Maandishi ya mkono ndiyo yanaua kabisa. Sasa niambie, ni kitabu gani cha nchi hii hakina maandishi ya mkono? Sote tuliandika, "Hiki ni mali yangu, ukikiokota rudisha, ukikiiba Mungu anakuona." Kumbe tulikuwa tunajifilisi.

Fahari ya kabati langu ilikuwa hadithi moja ya matoleo saba, ya zimwi linalotoka ziwani limevaa suruali ya bugaluu. Nilikuwa nayo yote isipokuwa la sita. Mnunuzi mmoja wa kundini, mtu wa Arusha, alisema anayataka yote saba au hataki kitu, na akataja bei ambayo ingeninunulia kabati jingine, la vyombo safari hii, na pikipiki ya kulibebea. Miaka miwili nilitafuta toleo la sita. Nililikuta Mwitongo, Butiama, kwenye sanduku la bati la shangazi yangu.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, mjane, anakaa kwenye mji wake pale Butiama na mihogo yake na mbuzi wawili wasio na adabu. Nilikuwa nimempelekea dawa ya macho, maana ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Akaniambia nifungue sanduku nimtolee kanga, na chini ya kanga, ndani ya mfuko wa sukari, zimwi langu la bugaluu likawa linanitazama kwa macho yote sita.

"Hichi nacho si ndiyo ule ugonjwa wako?" akauliza, baada ya kusikia nimenyamaza ghafla.

Alinieleza kwamba mumewe alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha pamba Bunda, na kila Jumamosi alikuwa anarudi na kitabu kimoja, anamsomea yeye asiyejua kusoma, huku akiigiza sauti ya zimwi mpaka kuku wanakimbia. Vingine vyote vililiwa na mchwa. Kilibaki hicho.

"Nenda nacho ukasome," akasema. "Lakini unirudishie. Hicho sikitoaga."

Nikasema nitarudisha. Nilisema kwa sauti ile ile ninayowaambia watu ofisini kwetu kwamba faili lao liko mezani kwa bosi.

Mnunuzi alikuwa anapita kwenda kuangalia wanyama, tukakutana Bunda, kwenye hoteli moja ya supu. Alivaa glavu nyeupe. Watu waliacha kutafuna. Akafunua kurasa moja moja kama daktari anayepima mtoto mchanga, akasifu rangi, akasifu pini, kisha akageuza jalada la nyuma na uso ukamshuka. Palikuwa na mistari minne ya penseli, majina manne ya watu na tarehe mbele ya kila jina, kwa mwandiko wa mtu anayekandamiza penseli kama analima.

"Nani hawa?" akauliza.

Niliyatupia jicho la haraka, akili yangu ikiwa kwenye glavu zake. Hakukuwa na hata mmoja ninayemjua katika ukoo wetu, na ukoo wetu naujua, nimeuchangia harusi wote.

"Wadaiwa, labda," nikasema. "Au vibarua wenzake wa pamba."

Akasema ni bahati penseli si wino. Ufutio laini, mkono mtaratibu, na kitabu kinatoka Chakavu kinapanda Safi. Angepita tena Bunda Jumamosi, akiwa anarudi. Kama kitakuwa kimesafishwa, anachukua yote saba kwa bei ile ile.

Kuhusu shangazi nilikuwa na mpango. Ningemnunulia blanketi. Niliitisha kikao kichwani mwangu nikajiuliza, mtu asiyejua kusoma, tena asiyeona vizuri, kitabu anakifanyia nini? Nikajijibu mwenyewe, wajumbe wakaafiki, kikao kikafungwa.

Nilifuta mchana, ofisini, saa ya chakula. Nina kipaji. Ufutio wa kwanza ulikuwa mgumu, nikatuma mtu aniletee ule mweupe wa watoto wa chekechea, nikaenda herufi kwa herufi, napuliza, nafuta, napuliza. Jina la kwanza lilikuwa refu, la kike. La pili lilikuwa la babu yetu wa zamani, nikafikiri, loo, kumbe kuna mtu mwingine alipewa jina hili. La tatu nilifuta simu ikiwa begani, mnunuzi ananiuliza kama napokea kwa benki au kwa simu. La nne lilikuwa fupi, likaondoka kama halikuwahi kuwepo. Nilipomaliza nilikipiga picha nikaitupia kundini. Watu wakapiga makofi ya vidole. Mmoja akaandika kwamba mkono wangu ni wa dhahabu, na mimi, mke wa mtu, nikaisoma ile sentensi mara tatu.

Jumamosi nilikuwa nimeshatoka Musoma, matoleo saba kwenye begi na blanketi juu yake, shangazi akapiga.

"Pita na kile kitabu. Leo nina kazi nacho."

Sikuwa na wasiwasi. Kitabu kipo, tena safi kuliko alivyonipa. Nikaona afadhali, nitapita Mwitongo, nitamsikiliza, nitamwachia blanketi, halafu nitamwomba nikae nacho kidogo. Kidogo ni neno zuri, halina tarehe.

Nilimkuta ameketi mlangoni, amevaa gauni la kanisani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Umekuja nacho?"

Nikampa. Akakipapasa, akakigeuza moja kwa moja mpaka jalada la nyuma, akanirudishia.

"Nisomee hapo."

"Hapo wapi, shangazi?"

"Hapo pa penseli. Nisomee wanangu."

Sikuelewa. Watoto wa shangazi nawajua, ni watano, wawili wako Mwanza na hawapokei simu. Nikamwambia hivyo. Akanijibu kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia.

"Hao ni waliopona. Hao wana kadi za ubatizo. Hawa wanne walikufaga kabla ya maji. Mume wangu alienda kwa katekista wawaandike kwenye kitabu cha kanisa, akaambiwa asiyebatizwa haandikwi. Akarudi na hasira, akachukua hichi cha zimwi, akasema basi hichi kitawapokea. Kila alipozikwa mmoja, anaandika. Na kila mwaka, siku ya leo, siku tuliyomzika wa kwanza, alikuwa ananisomea. Tangu afe yeye nasomewaga na mjukuu, sasa mjukuu yuko shule ya bweni."

Nilitazama jalada la nyuma. Lilikuwa safi. Lilikuwa daraja la Safi.

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Naliandika hili ili lijulikane kwamba nafasi niliipata, ilikuwa kubwa, na niliiacha ipite. Badala yake nilikishika kitabu mbele ya uso wangu, nikakohoa, nikaanza kusoma karatasi tupu. La kwanza nililikumbuka, kwa sababu lilikuwa refu na lilinichosha. Nikalitaja na tarehe yake. Shangazi akaitikia, "Naam." La pili lilikuwa jina la babu. Akaitikia, "Naam." Kisha nikataja lile fupi, tarehe nikaibahatisha, nikafunga kitabu haraka kama karani anayefunga dirisha saa tisa na nusu.

Hakuitikia.

"Umemruka wa tatu," akasema.

"Penseli imefifia, shangazi. Haisomeki vizuri."

Akanyoosha mkono. Nikampa, ningefanyaje. Akapitisha kidole cha shahada pale nyuma, juu, katikati, chini, akarudia. Mumewe alikuwa anakandamiza penseli, na kumbe siku zote ambazo hakuwa na wa kumsomea, alikuwa anawasoma kwa kidole. Mistari ilikuwa imesagika. Mahali pake palikuwa na manyoya manyoya ya karatasi iliyosuguliwa, kazi ya mkono wa dhahabu.

"Umefuta," akasema. Hakuuliza.

"Nimefuta."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza madaraja, nikamweleza glavu, mtu wa Arusha, bei. Nilisikia maneno yangu yakitoka moja moja, Safi, Wastani, Chakavu, mbele ya mama huyu aliyevaa gauni la kanisani, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ni kweli. Nilimla, nikambakizia watatu.

Nilitegemea anifukuze, na ningeshukuru. Simu yangu ikaanza kulia kwenye begi, Bunda wananisubiri. Ililia mpaka ikachoka. Mbuzi mmoja alikuja akaanza kutafuna upindo wa blanketi jipya, hatukumfukuza.

"Shangazi, kwani wewe huwakumbuki?" nikauliza mwisho. "Si unaweza kuwataja mwenyewe?"

"Nawakumbuka. Nitawasahauje?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Nikiwataja mimi ni mama tu anasema peke yake. Wakisomwa na mtu, wameandikwa mahali. Ndiyo hiyo niliyokuwa nataka. Wameandikwa mahali."

Nikalia, mimi ninayecheka kila kitu. Yeye hakulia. Aliningoja nimalize, kama anavyongoja chungu kichemke, kisha akaniambia jina la tatu. Lilikuwa la kike, na ni jina langu. Nilizaliwa mwaka mmoja baada ya yule kuzikwa, na baba alinipa hilo ili dada yake asilikose nyumbani. Nilikuwa nimelifuta simu ikiwa begani wala sikulitazama.

"Una kalamu?" akauliza.

Nilikuwa na peni ya ofisini, ya wino wa bluu, ule usiofutika. Nikaandika majina manne na tarehe nne kwenye jalada la nyuma la toleo la sita, anavyonitajia, kwa herufi kubwa, nikikandamiza mpaka karatasi ikaingia ndani ili kidole chake kipate njia.

"Haya," akasema, akajiweka vizuri na kufunga mikono mapajani. "Sasa soma."

Nikaanza tena na wa kwanza. Akaitikia kila mmoja, na nilipofika kwa wa tatu tuliitika wote wawili.