Pikapu ya Usawa wa Kitanda

"Hivi huyo shemeji yako na mvi zile anashindana na nani?"

Jirani yangu muuza mkaa aliniuliza hivyo Jumapili moja, shemeji alipopita polepole na pikapu yake iliyokaribia kulamba barabara. "Vijana wanashusha magari wapendeze. Yeye anampendezea nani, na mke ameshamzika?"

"Jirani," nilimwambia, "lile gari ni la dada yangu." Akaendelea kupanga makopo yake ya mkaa. Hakuwa na ubaya. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nimeona afadhali niieleze.

Shemeji yangu ni mchomeleaji. Mageti mengi ya mtaa huu na nondo za madirisha ni kazi ya mikono yake, ndiyo maana wakubwa kwa wadogo wanamwita Bwana Geti. Ni mtu wa maneno machache. Dada yangu alikuwa akisema, "Mimi nimeolewa na geti kweli, mpaka ulisukume ndipo lilie." Shemeji anacheka chini chini, anaendelea kula.

Pikapu ilikuwa ya kubebea mageti. Ilikuwa ndefu, ya kabini mbili, na kuipanda ni mpaka ushike mlango ujivute. Dada alipoanza kuumwa nyonga, ule ugonjwa uliomla mfupa taratibu, kujivuta kukamshinda. Kila siku ya hospitali shemeji alimbeba kama mtoto akampandisha, na majirani wanatazama. Dada aliona haya kuliko alivyoona maumivu. Siku moja akasema, "Mimi siendi tena. Mungu atanitibia hapa hapa kitandani."

Shemeji hakubishana naye. Alichukua futi, akapima kitanda chao kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro. Kisha akatoka nje, akapima kiti cha gari. Jioni nikasikia msumeno wa chuma unalia. Amekata springi za mbele, na za nyuma amepunguza vyuma, mpaka gari likalala na kiti kikawa usawa wa kitanda. Asubuhi dada akatoka na fimbo yake, akageuka, akaketi. Basi. Kama mtu anayekaa kwake. Shemeji alifurahi siku ile mpaka akapiga mluzi, na sijawahi kumsikia akipiga mluzi kabla.

Ila yeye ni mtu wa mageti. Maisha yake yote ametengeneza vitu vya kusimama, na gari ni kitu cha kutembea. Njia ya hospitali ina mashimo, na kila shimo likawa linagonga chuma kwa chuma. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, nikaona dada ameinamisha kichwa na mtandio mdomoni, ananong'ona, "Mungu wangu, Mungu wangu." Shemeji alidhani anasali, akazima redio kwa heshima.

Aligundua kwenye beseni. Wakati huo nguo za mkewe alikuwa anazifua mwenyewe, hakumwachia mtu. Akaingia chumbani ameshika mtandio unaochuruzika maji, pembe yake imetobokatoboka.

"Mama, humu ndani kuna panya?"

"Panya ni mimi," dada akasema.

Shemeji akaitandaza ile pembe kiganjani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi."

Alikwenda moja kwa moja kwa rafiki yake Spana, fundi wa magari. Spana akalala chini ya pikapu akaanza kucheka, akaacha alipoona uso wa mwenzake. "Geti, sikiliza. Shokapu ndiyo mapafu ya gari, lazima iwe na nafasi ya kushuka na kupanda. Wewe umelilaza gari halafu shokapu umeziacha zimefungwa palepale. Umelikalia kifuani."

"Tufanyeje?"

"Tuzipandishe vichwa. Tukate pale juu zinapofungwa, tuchomelee vishikio vipya juu zaidi. Mbele nafasi ipo. Nyuma lazima tutoboe sakafu ya bodi, vichwa vitokeze. Na ukifanya hivyo, hulazi geti humo tena."

"Mageti hayaumwi," shemeji akasema.

Alitaka kwanza afanye upande wa mkewe peke yake, dada asingoje. Spana akamwambia, "Gari si kitanda, bwana, utandike upande mmoja." Basi wakafanya pande zote. Spana alionyesha, shemeji akachomelea, na mshono wa kila kishikio akaurudia mpaka Spana akalalamika kwamba anapoteza vijiti vya kuchomelea bure. Nyuma vikatokeza visanduku viwili vya chuma katikati ya bodi, kama magoti ya mtu aliyelala chali. Tangu hapo mageti yakawa yanakwenda kwa mkokoteni.

Siku ya kwanza ya kwenda hospitali nilikuwa nyuma kama kawaida. Tukapita shimo la kwanza, gari likainama likainuka, kimya. Tukapita la pili. Nikangoja dada aite jina la Mungu, sikusikia kitu. Nikachungulia. Mtandio uko begani na dada amelala, mdomo wazi kidogo. Nyumbani alikuwa hajapata usingizi wa maana kwa siku nyingi.

Tukafika geti la hospitali. Shemeji akalipita.

"Shemeji, tutakosa foleni," nikanong'ona.

"Foleni ipo kila siku. Usingizi haupo."

Alizunguka. Akapita sokoni, shuleni, kwenye godauni, akarudi kulekule, mikono miwili kwenye usukani kama amebeba maji. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana hakutaka kuachia usukani. Mimi nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Safari za namna ile hazikufika nyingi. Dada alifariki kitandani, mchana, shemeji akiwa anamnywesha uji. Bwana ametoa, Bwana ametwaa, na jina lake nalibariki, ingawa siku nyingine nalibariki huku nalia.

Baada ya msiba Spana alikuja na springi nzima. "Geti, tulinyanyue sasa, ubebe kazi zako." Shemeji akamkaribisha chai, wakaongea habari za mvua, Spana akaondoka na springi zake. Kitanda chao halalii tena. Analala kwenye kochi, na macho yake yamekuwa mekundu si kwa kuchomelea tu. Akinipa lifti mimi nakaa nyuma, na kile kiti cha mbele tunakwenda nacho kitupu.

Jumapili ileile ya swali la jirani, shemeji alizunguka mtaa akarudi, akasimamisha gari mlangoni kwangu. Hakuzima injini. Akanyoosha mkono, akafungua mlango wa upande wa dada.

"Shemeji," akasema, "leo usikae nyuma. Kaa hapa mbele. Usiniongeleshe, na ukisinzia usione haya, mimi nitazunguka tu."