Walimkimbia mtoto wetu kwenye benchi, tukaingilia: yaliyotukuta kwenye besiboli ya chuo hapa Sydney

Wakuu, habari za mihangaiko.

Sijapoa bado. Nimeshika simu mara tatu kuandika huu uzi na mara tatu nimeiweka chini. Leo naandika, na sitaongeza chumvi hata punje, maana upande wenye aibu kwenye hii habari ni wangu mwenyewe.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Doonside, naendesha forklift kwenye ghala moja Auburn. Mdomo wangu mrefu, hilo hata mke wangu atathibitisha.

Pale kazini nina rafiki Mkongo, mtu wa Bukavu, tunamwita Papa Amani. Mpole sana. Ni mtu wa kuomba ruhusa hata kufungua dirisha la gari lake mwenyewe. Alikuja hapa kama mkimbizi na mwanawe Amani akiwa na miaka tisa. Mama yake mtoto alishafariki huko nyuma, kwa hiyo ni wao wawili tu.

Amani sasa ana miaka ishirini, yuko chuo, na ni mrushaji wa timu ya besiboli ya chuo. Mweusi peke yake kwenye timu.

Najua mnacheka. Besiboli? Australia? Mimi pia nilicheka. Lakini msimu huu wote tumemfuata kijana kila mechi ya nyumbani: mimi, Papa Amani, na dada mmoja Mkenya, nesi, Mama Wanjiru. Mimi naleta sambusa, Mama Wanjiru analeta vigelegele. Mwanzoni wazungu walikuwa wanageuka kutuangalia, baadaye wakawa wanavisubiri.

Jukwaani tulikuwa tunakaa na bibi mmoja wa kizungu, Maureen. Anaandika mechi nzima kwenye daftari kwa penseli, kila mpira, alama zake za ajabu ajabu. Ndiye aliyetufundisha mchezo. Sambusa zangu anakula tano kabla mechi haijaanza. Mwacheni, ni mtu wetu.

Kitu kimoja mkishike, maana kila kitu kitarudi hapa.

Amani alipoanza shule huku, watoto wenzake walikuwa wanahama benchi akikaa. Anakula peke yake. Papa Amani alienda siku moja kumchukua mapema, akaliona kwa macho yake. Ananisimulia mpaka leo. Aliapa siku akiliona tena, mtoto anaondoka hapo na harudi.

Haya. Wikiendi ya mwisho ya nyumbani, mechi tatu na timu moja: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Ijumaa tukafungwa. Jumamosi mchana Amani ndiye anarusha. Jua la kuchoma utosi, nzi kama kawaida yao.

Kijana alikuwa moto, wakuu. Wapinzani wanakuja na magongo yao, wanapiga hewa, wanarudi kukaa. Akipiga mtu, mpira unadakwa. Mama Wanjiru koo limekauka kwa vigelegele.

Mechi ina raundi tisa. Raundi ya tano ilipoisha, timu ikarudi kwenye kibanda chao. Amani akakaa mwisho wa benchi.

Wenzake wote wakahamia upande wa pili.

Nikadhani ni bahati mbaya. Raundi ya sita ikaisha, akakaa tena, na safari hii nikaangalia vizuri. Kuna kijana anaitwa Liam, ndiye anayedaka mipira ya Amani. Huyu amekula sombe, kisamvu cha Kikongo, kwa mikono yake nyumbani kwa Papa Amani. Amani alienda kuchukua maji karibu yake. Liam akainuka, akaondoka, hata macho hakumpa.

Kocha naye akampita Amani kama hamwoni. Benchi nzima watu wamebanana upande mmoja, mtoto wetu yuko peke yake upande mwingine na taulo kichwani.

Na jukwaa likanyamaza. Watu waliokuwa wanataja jina lake tangu saa saba mchana wote kimya. Mama Wanjiru alipopiga kigelegele kimoja, wazungu watatu wakageuka wakamkazia macho.

Nikamuuliza Maureen, amefanya kosa gani huyu mtoto? Kwa nini wanamtenga?

Maureen akaweka kidole mdomoni. Nikarudia. Akageuza uso, akanong'ona, "Please, love. Don't."

Jamani. Maureen! Wa sambusa zangu!

Mama Wanjiru akasema, "Saidi, hii kitu siielewi. Wacha game iishe, tutaongea na coach. Usianze." Mwanamke ana akili, na laiti ningemsikiliza huu uzi msingeusoma.

Kwanza nilisimama nikapiga kelele uwanja mzima umenyamaza: "Amani! Usijali mwanangu, tunawaona!"

Halafu nikamgeukia baba yake. Haya ndiyo maneno niliyosema, nayaandika kama yalivyo ili mnihukumu vizuri. Nilimwambia, "Papa Amani, na wewe umekaa tu? Mwanao ananuka nini mpaka wamkimbie? Si uliapa wewe?"

Papa Amani akasema polepole, akiangalia kibanda, "Banamukimbia tena mutoto yangu."

Akainuka.

Nilidhani anaenda chooni kulia. Akashuka ngazi, akafungua kigeti kidogo cha uzio, akaingia kwenye kibanda cha wachezaji na kofia yake ya kanisani. Mechi inaendelea, raundi ya saba, timu yetu wako zamu ya kupiga. Akapita katikati ya wale vijana, akaenda mpaka mwisho wa benchi, akakaa ubavuni kwa mwanawe.

Wakuu, nimeona ajali za ghalani, nimeona shelfu zima linaanguka. Sijawahi kuona watu wakishtuka vile. Vijana wote walisimama mdomo wazi. Kocha akawa mweupe kuliko alivyozaliwa.

Kocha akaja: "Mate, you can't be in here."

Papa Amani, ambaye kazini hata supavaiza akimkosea anaomba yeye msamaha, akamjibu kwa sauti tuliyoisikia jukwaani: "You don't sit with my son. I sit."

Kisha akamwonyesha Amani begi lake, akamwambia, "Kamata saki yako, twende ku nyumba."

Amani akatoa taulo kichwani. Hawa watoto wetu mnawajua, Kiswahili wanakielewa chote ila kujibu ni Kiingereza. Akasema, "Dad. Please. Just go back. Please."

Refa akasimamisha mechi. Papa Amani akatolewa kwa upole mpaka nje ya uzio, upande wa maegesho ya magari. Mimi nilikuwa nimesimama jukwaani nikitingisha kichwa kwa hasira, najiona mtetezi wa Afrika nzima.

Raundi ya nane ikaanza. Amani akapanda kurusha. Mpira wa kwanza ukaenda pembeni.

Wa pili, paa! Mpinzani kaupiga, umepita juu ya vichwa vya watu wetu, umeangukia kwenye majani. Jamaa kafika kituo cha kwanza akitembea.

Uwanja mzima ukatoa pumzi. Watu wakavua kofia. Mzee mmoja mbele yangu akaficha uso kwa mikono.

Halafu kikatokea kitu kilichonimaliza kabisa. Wale wale waliomtenga wakamkimbilia! Liam wa kwanza, akamkumbatia, akamgonga kichwa kwa kichwa. Timu nzima ikamzunguka. Jukwaa likasimama kumpigia makofi, marefu, na jina lake likaanza kutajwa tena.

Sasa wanampenda kwa sababu kapigwa?

Maureen akaweka penseli chini. Macho yamejaa machozi. Akasema, sasa naweza kukuambia.

Sikilizeni. Mrushaji akimaliza mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kumpiga mpira ukatua salama, ni jambo ambalo wengi wanacheza maisha yao yote hawalipati. Maureen amekuwa akiandika daftari tangu mumewe yuko hai, ameliona mara moja tu. Na miiko yake ni hii: likianza kunukia, hakuna anayelitaja. Hakuna anayemsemesha yule mrushaji. Hakuna anayekaa karibu naye. Wanamwachia benchi lake ili wasimharibie. Hata mtu akiuliza hajibiwi, maana kujibu ni kulitaja.

Kumbe ile ilikuwa heshima, wakuu, kubwa kuliko zote walizonazo.

Nikakaa.

Na kinachoniuma ni kwamba mimi nilitakiwa kuelewa kuliko mtu yeyote pale. Sisi si ndio tunaficha mimba mpaka tumbo lijitangaze lenyewe? Si ndio mtu anapata viza hasemi mpaka yuko kwenye ndege? Mama yangu Tanga ukimsifia mjukuu wake kwamba kanenepa, siku hiyo hulali kwake. Miiko yote hiyo naijua, ila sikudhani wazungu nao wanayo.

Timu ilishinda. Amani akapita mbele yetu na begi lake, akasema "Hi, Uncle," bila kuniangalia, akaondoka na wenzake.

Mama Wanjiru ndiye aliyemweleza Papa Amani kule maegesho, taratibu, kama anavyoongea na familia za wagonjwa. Mzee akakaa kwenye ukingo wa barabara. Akasema, "Niliua mechi ya mutoto."

Nikampeleka kwake Auburn. Njia nzima nilisubiri aniambie "Saidi, ni wewe." Angenitukana ningepumua. Hakusema, na wala Mama Wanjiru hakusema. Kwangu nilishindwa kula.

Jumapili nikadamka kwenda uwanjani mapema. Papa Amani alishanitumia ujumbe kwamba anaenda kanisani na kwenye besiboli hatakanyaga tena.

Nikamkuta Amani anapanga magongo. Nikamwambia yote. Kwamba baba yake alikuwa amekaa, mimi ndiye niliyemchochea, na maneno niliyotumia nikayarudia mbele yake. Kumuomba radhi mtoto uliyemnunulia aiskrimu akiwa na miaka tisa si kazi ndogo.

Akacheka kidogo, kicheko cha uchovu. "Uncle, I heard you. The whole field heard you."

Kisha akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba alijua kwa nini wenzake wamemwachia benchi. Anaijua hiyo miiko vizuri. Lakini kuanzia raundi ya tano mwili wake haukujua. Mwili wake ulirudi shule ya msingi, anakula peke yake. Halafu akaona viatu vya baba yake.

Nikauliza, kwa hiyo hujakasirika?

Akasema amekasirika, tena sana, na huenda akakasirika mwaka mzima. Akauliza, "Where is he?"

Nikamwambia yuko kanisani, kaapa harudi.

Akatoa simu, akapiga. Mimi namjua huyu mtoto miaka kumi na moja, sijawahi kusikia sentensi nzima ya Kiswahili ikitoka kinywani mwake. Akasema, "Papa, kuya. Place yako iko."

Nilijifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Treni zilikuwa na trackwork, matengenezo ya reli, si mnajua wikiendi za Sydney, kwa hiyo Papa Amani aliletwa na basi la kubadilishia, akafika raundi ya tano na suti na Biblia kwapani. Akasimama chini ya ngazi hajui apande au arudi. Maureen akaondoa mkoba wake kwenye kiti, akapigapiga pale na kiganja.

Alipokaa, Maureen akamfungulia daftari, ukurasa wa Jumamosi. Kati ya raundi ya saba na ya nane, katikati ya zile alama zake zote, ameandika kwa kalamu ya wino: "Dad came and sat."

Papa Amani akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaniomba tena.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, Papa Amani, nisamehe, ile jana ni mdomo wangu ndio ulioua mechi.

Aliendelea kuangalia uwanjani, Amani yuko kwenye benchi amebanwa katikati ya Liam na wenzake wote. Akasema, "Saidi, mudomo ilikuwa yako. Lakini miguu ilikuwa yangu. Na ningeenda tena."

Nilichojifunza mimi ni kuuliza mara mbili kabla ya kumchochea mtu mwenye kidonda cha zamani, maana mimi nilibaki jukwaani na hasira tu, yeye ndiye aliyeingia kule ndani. Mengine bado yananizunguka kichwani.

Nipeni maoni, na msinionee huruma. Wewe ungekuwa Papa Amani, umeona mwanao ametengwa na hakuna anayekujibu, ungesubiri mechi iishe?